Sehemu ya Kaka

Mimi si mtu wa subira na sijawahi kujidai kuwa nayo. Kaka yangu alinibandika jina la Kiberiti tangu tukiwa tunagombania kitanda cha juu, na jina likanifuata mpaka kazini, maana yeye ndiye aliyeniingiza kazini. Kwa hiyo Bosi aliponiita ofisini kwake na kuanza kuniambia kwamba anafikiria kuitoa sehemu ya kaka, nilimjibu vibaya kabla hajamaliza sentensi. Sijutii.

Niseme kwanza sehemu hiyo ni nini. Kampuni yetu hukodisha mashine pepe. Mteja hana kompyuta kubwa ya kwake. Sisi tunazo, na ndani ya hizo zetu tunamtengenezea kompyuta isiyoshikika kwa mkono, ambayo kwake yeye ni kompyuta kamili. Seva yetu moja hubeba nyingi za namna hiyo, na kila moja hujiona iko peke yake duniani. Mteja akifunga kazi jioni, mashine yake inalazwa, yaani kila ilichokuwa ikikikumbuka kinahifadhiwa kwenye diski. Asubuhi inaamshwa, na kumbukumbu hizo zinarudishwa moja moja mahali pake, ili iendelee pale ilipoishia. Programu ya huko kulaza na kuamsha ndiyo iliyokuwa sehemu ya kaka. Aliiandika peke yake, mwanzo hadi mwisho, wakati kampuni nzima ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo na mimi nilikuwa bado nasoma.

Na aliiandika kwa Kiswahili. Maneno ya lugha ya programu yenyewe huwezi kuyabadili, lakini majina unayotunga ni yako, na ya kaka yalikuwa laza, amsha, ukurasa, mwanzo, mabaki. Wenzetu walimcheka. Akawaambia kwamba anaandika kwa lugha anayofikiria nayo, na asiyetaka asisome. Basi hawakusoma. Ilikuwa ikifanya kazi, nani ana haja ya kufungua injini ya gari linalotembea? Mimi peke yangu ndiye niliyeisoma, kwa sababu alinilazimisha.

Sasa kaka alikuwa kitandani. Sukari ilianza na macho, ilipoyamaliza ikahamia kwenye figo. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani akapumzike, na hakuna kati yetu aliyemuuliza kupumzika huko maana yake nini.

Hitilafu yenyewe ilianza tuliponunua seva mpya. Asubuhi, baadhi ya mashine pepe zilikataa kuamka, au ziliamka zimechanganyikiwa na kuanguka papo hapo. Si zote, wala si kila siku. Leo hii, kesho ile, keshokutwa hakuna. Maabara moja ya vipimo, mteja wetu mkubwa kuliko wote, ilipatwa na balaa hilo mara mbili, wagonjwa wakakaa kwenye mabenchi wakisubiri majibu yaliyokuwa yamekwama kwetu. Msimamizi wa maabara alimpigia Bosi simu, na sisi tuliokuwa chumba cha pili tulimsikia bila kutega sikio.

"Dada, nisikilize basi," Bosi aliniambia. "Hakuna anayeielewa ile sehemu isipokuwa nyinyi wawili. Na mmoja wenu..."

"Mmoja wetu nini?"

"Unajua ninachotaka kusema."

"Malizia."

Bosi alipanga kalamu zake mezani, akazipangua. Akasema kuna kampuni inayouza sehemu kama hiyo ikiwa tayari, inayotumiwa na watu wengi, ina watu wa kuiangalia usiku na mchana. Nikamwambia sehemu ya kaka haina ubovu, seva mpya ndiyo mbovu. Nilisema hivyo bila ushahidi wowote, kwa ukali tu. Mwishoni alinipa mpaka Ijumaa nitafute kasoro. Nilijua ananipa kwa huruma, na hilo liliniudhi kuliko kama angeninyima.

Nilikwenda kwa kaka jioni hiyo hiyo. Wifi yangu, mke wake, alinifungulia mlango akiwa na kanga begani na macho mekundu, akasema amelala. Kaka akapaza sauti kutoka chumbani kwamba hajalala, na kwamba hatua zangu anazijua, natembea kama nimekuja kudai haki.

Nikamweleza yote. Sikumficha habari ya Bosi, maana kaka alikuwa na pua ya kunusa uongo. Alisikiliza akiwa ameelekeza uso darini. Kisha akasema kitu ambacho tangu siku ile sijaweza kukisahau.

"Nikishaondoka wafanye watakavyo. Siwezi kuwalaumu. Lakini madhali bado napumua, nataka kila asubuhi zile mashine ziamshwe na mimi. Nikiamka hapa, sioni kitu, siinuki, najiambia: haya, zimeshaamka huko. Ndicho kilichobaki, Kiberiti. Usiwaache wanichukulie."

Nikamwambia hawakichukui. Nikaondoka nimeuma meno.

Siku ya pili nilishinda kwenye seva mpya nikilaza na kuamsha, nikilaza na kuamsha, na siku hiyo hakuna iliyoanguka. Ukiitafuta hitilafu, haipo. Ukigeuka, mashine moja imekufa. Nilipiga meza ngumi hadi jirani yangu akahamisha kikombe chake. Jioni nikachukua laptopu nikaenda nayo kwa kaka, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa ujanja.

"Nisomee," alisema.

Ipo programu ya kuwasomea wasioona kilichoandikwa kwenye skrini, na tulishamwekea. Alivumilia siku chache akaikataa. Sauti ile ilisoma majina yake ya Kiswahili kama mgeni anayeuliza njia, na kaka alisema heri awe kipofu na kiziwi kwa pamoja. Basi nikawa mimi sauti. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda, miguu juu ya mbao za kitanda chake, nikasoma mstari mmoja mmoja. Yeye aliitikia "mm" kuniruhusu niendelee.

Jioni hiyo ya kwanza tulimaliza upande wa kulaza. Hakukuwa na kosa. Wifi aliingia kumgeuza ubavu, akatukuta tunabishana juu ya mstari ambao kumbe mimi nilikuwa nimeuruka. Akatutazama. "Mnasoma nini huko, talaka?" Kaka akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alikuwa na utani wake wa zamani kwamba nyumba hii ina wifi za aina mbili, ya dada yake na ya intaneti, na yoyote ikinuna hakuna mawasiliano. Siku hiyo aliurudia tena, na sisi wawili tukacheka kana kwamba ni mpya. Nilipotoka, wifi alinisindikiza mpaka mlangoni akasema hajamsikia akicheka hivyo tangu atoke hospitali. Akaongeza, "Njoo na kesho." Kama vile ningekosa.

Siku iliyofuata tukaingia upande wa kuamsha. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu kilichokuwa kikinikera: kaka hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anasoma mwenyewe, kichwani. Nikitamka nusu ya mstari, yeye alishaumalizia. Aliijua yote kwa moyo. Nilianza kuhisi nimeketi pale kama pambo.

"Kitendo amsha," nikasoma.

"Amsha. Mm."

"Ukurasa, namba, ni sifuri."

"Mm."

"Mwanzo, namba."

"Mwanzo, namba, ni sifuri," akasema juu ya sauti yangu. "Endelea. Ikiwa mabaki yapo..."

"Kaka, niache nisome!"

"Soma basi."

"Ukinirukia nitasomaje? Ama nikupe kompyuta ujisomee?"

Lilikuwa neno baya kumwambia mtu asiyeona, na lilishatoka. Yeye akatabasamu tu. "Rudi nyuma, soma taratibu. Sitasema kitu."

Nikarudi. Nikasoma kwa sauti ya kununa, neno kwa neno. Ukurasa, namba, ni sifuri. Mwanzo, namba. Nikausogeza uso karibu na skrini.

"Kaka. Umesema nini hapa, mara ya kwanza?"

"Mwanzo ni sifuri."

"Haipo."

"Ipo."

"Haipo, kaka. Ya ukurasa ipo. Ya mwanzo haipo. Imeandikwa mwanzo, namba, basi. Hujaipa kitu."

"Nimeipa sifuri."

"Hujaipa!"

Tulibishana hivyo kitambo, sauti juu, kama watoto. Wifi alichungulia akarudi zake. Kisha nikaona midomo ya kaka ikitembea. Alikuwa akiisoma tena moyoni, pale ilipokuwepo siku zote.

Kwa asiyejua kazi yetu, hii si kitu kigumu. Mwanzo ilikuwa kisanduku cha kuwekea namba, na namba hiyo ndiyo iliyoiambia programu ianzie wapi kurudisha kumbukumbu za mashine inayoamshwa. Ukiunda kisanduku bila kukipa namba, hakiwi kitupu. Kinabaki na chochote kilichoachwa na aliyepatumia mahali hapo kabla yako, kama sufuria uliyopewa bila kuoshwa. Mashine iliyokuwa na mabaki, yaani nyongeza ya kumbukumbu, ilipewa mwanzo wake mistari michache baadaye, kwa hiyo ilisalimika. Isiyokuwa na nyongeza ilikwenda na uchafu uliokutwa ndani. Kwenye seva za zamani, mahali pale palikuwa na sifuri kila mara, kwa jinsi zilivyopangwa tu. Kwenye mpya palikuwa na sifuri leo, na kesho namba ya ajabu, na kumbukumbu za maabara nzima zikarudishwa zimehama mahali pake.

Nilimweleza hayo, ingawa yeye ndiye aliyenifundisha. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo," akasema, "ilikuwa bahati."

"Ilikuwa inafanya kazi, kaka."

"Kwa bahati."

Kaka hakuwahi kucheza bahati nasibu hata ya shuleni. Alikuwa mtu wa kuvuta kitasa cha mlango mara mbili baada ya kuufunga. Nilimwona akigeuza uso ukutani. Nilikuwa nimefurahi kwa dakika nzima kwamba nimeiona kasoro, na sasa ile furaha ikanisuta. Laiti ningesema ipo. Laiti ningesoma juu juu, nikaenda kuongeza kimya kimya nikiwa kazini. Lakini mdomo wangu huu nao!

Baadaye akanyoosha mikono. "Nipe."

Nilimwekea laptopu mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, ngozi inang'aa. Nikamweka penye mstari wenyewe, nikamshika kidole cha shahada nikakilaza kwenye herufi anayoijua, akatafuta njia yake mwenyewe kutoka pale. Alama ya usawa aliipata. Kisha akabonyeza.

"Nimepatia?"

"Umeandika tisa."

Akacheka, na mimi nikacheka, machozi yakinitoka bila yeye kujua. Akafuta, akasogeza kidole jirani, akabonyeza tena. Sifuri. Nikamwambia ni sifuri. Akauliza kama mistari imelingana, maana hakupenda mistari iliyopinda. Nikamwambia imelingana.

"Basi kajaribu," akasema, akalala.

Alhamisi nilijaribu tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la upande wa pili. Nilizilaza mashine zote za majaribio, nikaziamsha. Nilichukua mahali pale pa kumbukumbu nikapajaza uchafu kwa makusudi, namba za kila aina, ili kisanduku kikikosa kupewa kitu mashine ianguke mbele ya macho yangu. Bila sifuri ya kaka, zilikufa zote zisizo na mabaki. Pamoja nayo, ziliamka zote. Nilirudia hadi nikachoka kuona zinaamka. Sikungoja Ijumaa. Niliingia kwa Bosi bila kubisha hodi, nimebeba laptopu wazi mikononi.

Bosi aliangalia yote. Hakuwa mjinga, aliwahi kuandika programu kabla hajaanza kuvaa mashati ya kupiga pasi. Akaelewa upesi. Akasema, "Mstari mmoja."

"Mstari mmoja. Imepona."

Akafunga laptopu yangu taratibu, na kwa namna alivyoifunga nikajua.

"Nimeshasaini mkataba, dada. Jana. Maabara walisema ama tuibadilishe ama wanaondoka, na wakiondoka wao sina mishahara. Nilitaka kukuambia kesho."

"Uliniambia mpaka Ijumaa!"

"Nilikuambia utafute kasoro mpaka Ijumaa."

Nilimwambia maneno ambayo nikiyaandika hapa mama yangu atayaona. Alinivumilia. Niliposhusha pumzi akasema, polepole, kwamba hata ikiwa imepona, itaharibika tena kwa jambo jingine, kwa sababu kila kitu huharibika, na siku hiyo nitamsomea nani? Nilimchukia kwa kusema hivyo. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Halafu akaniomba jambo ambalo hata yeye aliona aibu kuliomba. Kuitoa sehemu ile bila kuvunja mengine kulihitaji mtu anayejua imeshikana wapi na wapi.

Jioni hiyo sikwenda kwa kaka. Niliitoa Ijumaa mchana. Nilikataa mtu mwingine aiguse. Ningekataa kabisa, wangemleta mgeni akaing'oa kama anang'oa bati, na hilo nisingelistahimili. Nilifungua kila mahali ilipokuwa imeshika, nikaiachilia, laza kwanza, kisha amsha. Chumba kizima walijifanya wana kazi. Nilihifadhi nakala, nikafuta, nikaweka ile mpya. Nilitaraji itagoma. Niliomba igome, Mungu anisamehe. Mashine zote ziliamka vizuri, kwa haraka kuliko zamani.

Wifi alinisubiri barazani. Nilikuwa nimempigia simu njiani, nikamwambia. Akanishika mkono kabla sijaingia.

"Usimwambie. Mwambie ipo. Nakuomba, wifi yangu. Siku zenyewe zimebaki ngapi?"

"Ataniuliza."

"Akiuliza, sema ndiyo. Neno moja tu. Hata wewe huwezi neno moja?"

Nikamwambia nitaweza. Nilikuwa nimedhamiria kabisa. Nilipiga moyo konde, nikaingia, nikakaa kwenye kiti changu. Kaka alikuwa amenyolewa, amevalishwa shati safi. Alikuwa amejiandaa kupokea habari.

"Zimeamka?"

"Zimeamka zote, kaka. Nimejaza uchafu wa kila namna, hakuna iliyoanguka. Ulikuwa ni ule mstari tu."

Akashusha pumzi ndefu. Uso wake ukalegea, na kwa muda nikamwona kaka yangu wa zamani, yule wa chumba cha juu ya duka la vioo. Akauliza, "Kwa hiyo kesho asubuhi naziamsha mimi."

Ningesema ndiyo. Neno lilikuwa ulimini. Lakini yule mtu alikuwa amenikubalia nimwambie kwamba sifuri yake haipo, sifuri aliyokuwa nayo moyoni miaka yote, akageukia ukuta, kisha akageuka tena na kuomba kompyuta. Nisingeweza kumpa namba ya uongo baada ya hapo. Sikuzungusha maneno.

"Wameitoa, kaka. Nimeitoa mimi, leo mchana. Bosi alishasaini kabla."

Nilisikia wifi akisimama mlangoni nyuma yangu.

"Umeweka nakala?"

"Nimeweka."

"Ile mpya inaamsha?"

"Inaamsha."

"Zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa, kikazi, kama alivyokuwa akifanya nikimwonyesha jambo lililokamilika. Vidole vyake vilitembea juu ya shuka, vikasimama.

"Mimi nilidhani nitaitangulia," akasema.

Nililia pale pale, kwa sauti, na yeye akawa anapapasa hewani akitafuta kichwa changu.